Tawi la chuo linakuja: kijiji kinafaidi nini, na niuze shamba?

Mkuu, umeuliza kijiji kitafaidi nini tawi la chuo likija, na kama uuze shamba lako la ekari mbili. Matawi ya vyuo kama haya ya HEET (mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu), mfano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kule Lindi na Kagera, huleta faida. Ila kwa wenyeji haziji zenyewe. Pesa ya kwanza ni ya ujenzi: kokoto, mchanga, vibarua, mama lishe. Inaisha jengo likikabidhiwa, na wengi hapo ndipo hulala. Pesa ya kudumu ni vyumba vya kupangisha wanafunzi, chakula na steshenari.

Ekari zako mbili usiuze zote. Kwanza omba hatimiliki ya kimila halmashauri ya kijiji, maana bila karatasi dalali atakupangia bei. Ukikosa mtaji, uza kipande, ujenge vyumba vinne vya futi 10 kwa 12, kila kimoja na luku ndogo yake. Luku moja kwa wote ni ugomvi kila wiki! Weka simtanki la lita 5,000. Mwanafunzi huhama kwa shida ya maji kabla ya kuhama kwa kodi kubwa. Hesabu kodi ya miezi tisa, si 12, kwa sababu ya likizo ndefu.

Kina mama na vijana waunde vikundi mapema waombe mkopo wa halmashauri ya wilaya, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake, hauna riba. Na mkutano mkuu wa kijiji udai mafunzo ya jioni kwa wenyeji, yaandikwe kwenye muhtasari.