Jibu: Sweta ya raglani, mikono mipana na kifua kinabana

Umeuliza kwa nini sweta ya raglani (ambayo mikono yake huungana na mwili kwa mistari ya mshazari kutoka shingoni hadi kwapani) uliyoifuma kuanzia shingoni imekuwa na mikono mipana huku kifua kinabana, ilhali umeongeza vitanzi 8 kila mzunguko wa pili. Hapo ndipo kosa lilipo: mwili wa mtu mzima haukui sawasawa na mikono.

Tuseme kipimo chako ni vitanzi 20 na mizunguko 28 kwa sentimita 10, na sweta iwe na kifua cha sentimita 100, yaani vitanzi 200. Anza na 88: nyuma 28, mbele 28, kila mkono 16. Fanya mizunguko 23 ya kuongeza 8, ukipishanisha na mizunguko mitupu, isiyoongeza kitu. Mikono sasa ina 62, iache hapo. Mara 8 zaidi ongeza 4 tu, upande wa mwili. Mbele na nyuma zitafika 90 kila moja. Weka vitanzi vya mikono kwenye uzi wa akiba visifumuke, anzisha vitanzi 10 kila kwapa: mwili 200, mkono 72, sawa na sentimita 36.

Na tundu linalobaki kwapani? Ukirudi kufuma mkono, okota kitanzi 1 cha ziada kila pembe ya kwapa, kisha kiunganishe na jirani yake mzunguko unaofuata.

Kipimo chukua kwenye kitambaa kilichofuliwa na kukauka, tena kilichofumwa kwa mzunguko. Wengi hufuma bapa, kwenda na kurudi, na mkazo wao wa uzi ukibadilika, hesabu yote inaharibika. Na mvalishe mhusika kabla ya kutenga mikono; kufumua baadaye ni adhabu.