Perege wa Chemchemi za Natron Hawaokolewi kwa Ndoo

SWALI: Ninafuga samaki wa mapambo hapa Tabata, Dar es Salaam. Kuna mtu ananiuzia perege wadogo wa chemchemi za moto za Ziwa Natron, naye anasema nikitia magadi ya sokoni kwenye tangi na kuweka hita watazaliana, nami nitakuwa nimewaokoa wasitoweke. Nitie magadi kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, kiasi sikutajii, kwa kuwa kosa haliko kwenye vipimo. Nyuma ya swali hili, ambalo naulizwa mara kwa mara, huwa yupo muuzaji anayedhani kwamba samaki huyu ni perege wa kawaida aliyezoea joto tu. Maji anamoishi yana pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi majini) inayokaribia 10, na perege wa kawaida akitiwa humo amonia, taka ya mwili yenye sumu, hushindwa kutoka kupitia matamvua, ikajilimbikiza mwilini hadi kumuua. Jamaa yake wa Ziwa Magadi, Kenya, ameepuka kifo hicho kwa kugeuza taka zake kuwa urea, ile taka ya kwenye mkojo isiyo na sumu kali, kama tufanyavyo sisi binadamu. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, ndiyo maana kutwa anakwangua mwani kwenye mawe yanayopitiwa na maji ya chemchemi. Bonge la magadi ya kupikia maharage halileti chakula hicho. Nimewahi kuletewa samaki hao katika ndoo ya lita 20: jike lilikuwa limekwisha kutema mayai liliyoyaatamia mdomoni, nayo yametapakaa chini kama mtama uliomwagika.

Neno "kuokoa" ndilo linalonikera zaidi. Spishi tatu za Natron zimo hatarini, na makazi yao ni vidimbwi na vijito vya chemchemi kandokando ya ziwa, kwa hiyo kila ndoo inayochotwa ni pengo. Wapo wanaonitajia Nakuru, ambako samaki wa Magadi walipandikizwa miaka ya 1950 na 1960 wakastawi. Lakini Nakuru ni ziwa la magadi, si tangi la sebuleni. Afadhali wangetazama Tecopa, California, ambako samaki mdogo aliyevumilia maji ya moto ya jangwani alitoweka bila kumalizwa na wavuvi: wajenzi wa mabafu walibadili mikondo ya chemchemi, samaki wageni wakaingizwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akafutwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini kwa kuwa hakuwapo tena. Anayechepusha chemchemi kwa ajili ya kuogea, au anayemwaga humo sato ili "wazaliane", anafanya kosa lile lile, hata kama nia yake ni njema.

Usiwanunue, na muuzaji akirudi mwulize amewatoa chemchemi ipi, na kwa kibali cha nani.