Jibu: Tamasha la kantri na nyama, Marekani

Mkuu, umeuliza kama Marekani kuna tamasha la kiangazi lenye muziki wa kantri na chakula cha maana. Nenda Windy City Smokeout, Chicago, mwezi wa Julai. Lilianza 2013. Wachomaji nyama hutoka majimbo mbalimbali, kwa hiyo nenda na njaa. Anza na kidari cha ng'ombe cha mtindo wa Texas: hupikwa kwa moshi wa kuni saa nyingi mno, nje cheusi kwa pilipili manga, ndani kinaachia chenyewe ukikigusa. Mastaa hupanda jukwaani usiku, lakini wasanii wa mchana usiwakose kabisa. Ukisikia banjo, ala ya nyuzi inayofanana na gita, kumbuka asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani. Chakula hulipiwa kando, hakimo kwenye bei ya tiketi.