Umelelewa na riwaya mbili, mwanangu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku niliupata. Nilitaka kukupigia, nikaona maneno yatakuwa mengi kuliko salio, basi nimekaa barazani na daftari. Huku hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, jana alitembea mpaka sokoni na kurudi bila fimbo.

Umeniambia mlialikwa kwa mkubwa wako wa kazi hapo Dodoma, mazungumzo yakahamia kwenye vitabu, wenzako wakawa wanawataja Tolstoy na Dostoevsky, waandishi wa Urusi, kama watu wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga, na wewe ukawa unacheka wanapocheka. Kisha ukaniuliza: "Mama, ni riwaya zipi ambazo mtu aliyesoma hana budi kuzijua? Nitajie kumi, nizisome nimalize."

Hilo neno "nimalize" limenikaa moyoni siku tatu. Nimefundisha miaka zaidi ya thelathini na najua lilikotoka. Tulikufundisha kumaliza. Ulipokuwa Kidato cha Sita ulisoma *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, na daftari lako la uhakiki bado liko kabatini: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kila kichwa kimepigiwa mstari mwekundu. Likizo ile nilikuuliza kama Yasmin alifanya vyema kumkimbia Bwana Raza, mume aliyeozwa naye akiwa binti wa miaka kumi na mitano na mume mwenyewe amepita hamsini. Ukanijibu, "Mama, hilo haliulizwi kwenye mtihani." Nikanyamaza. Nilipaswa kukaa nawe usiku kucha tulizungumze hilo hilo, maana ndilo mwandishi aliloliandikia kitabu.

Sitakupa kumi. Nitakuanzishia mbili, na sababu yake hujawahi kuisikia: wewe umelelewa na riwaya mbili, na hujasoma hata moja kati yake.

Ya kwanza ni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, kisiwani kwetu hapa, mwaka 1944, na kitabu kilipotoka mwaka 1971 alikuwa na miaka 27 tu. Kikazuiwa shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo yaliyomo. Mimi nilikisoma bwenini nikiwa na miaka kumi na sita. Nakala yenyewe haikuwa na jalada, kurasa za mwanzo zimeraruka, na ilizunguka kitanda kwa kitanda, kila msichana akipewa usiku mmoja na tochi. Tulikuwa tumeambiwa ni kitabu kichafu. Nilikifungua nikitafuta uchafu, nikamkuta Zakaria.

Zakaria ni baba yake Rosa. Ni mlevi, nyumba inabebwa na mkewe, Regina. Siku anapokamata barua ambayo Rosa ameandikiwa na mvulana, anampiga mtoto kipigo ambacho mpaka leo nikikisoma mikono inanitetemeka. Anaamini anamlea. Rosa anaondoka nyumbani kwenda shule akiwa hajafundishwa lolote kuhusu wanaume ila kuwaogopa, na siku uhuru unapomfikia hana kipimo cha kuutumia. Anaharibikiwa hatua kwa hatua, na mwisho wake ni kujitoa uhai. Kezilahabi hakuandika ili kumwonyesha binti mpotevu. Aliandika ili tumwone baba aliyempoteza, na jamii nzima iliyokuwa imesimama nyuma ya baba huyo ikimwambia piga.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata dada yako halijui. Mwaka 2001, akiwa Kidato cha Pili, nilikuta barua ndani ya daftari lake la Jiografia. Ilitoka kwa kijana wa upande wa Bukongo, imechorwa moyo pembeni. Nilichomoa ufito kwenye uzio. Nilisimama mlangoni nikimsubiri atoke kisimani, na hasira niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Alipoingia na ndoo kichwani, akauona ufito na barua, macho yake yakageuka. Yale macho nilikuwa nimeyasoma. Nilimwona Zakaria akiwa amevaa kanga yangu. Niliutupa ufito nje, nikamtua ndoo, nikamwambia akae, tukazungumza mpaka giza likaingia. Kila alichoniuliza siku ile nilimjibu, hata yale ambayo mama yangu asingethubutu kuyataja. Unamwona dada yako leo anavyonipigia kila wiki kunieleza mambo yake. Ule mlango ulifunguliwa siku ile, na aliyeufungua ni mwandishi ambaye sikuwahi kukutana naye. Alipofariki Januari 2020 nilimlilia kama mtu wa ukoo.

Riwaya ya pili ni ndefu na jina lake pia ni refu: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, ya Aniceti Kitereza. Naye ni wa kisiwa hiki, wa Kagunguli. Aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Wachapishaji wakaikataa: nani atanunua kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja? Mzee hakukichoma, hakukitupa. Uzeeni alikaa akakitafsiri chote kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House wakakitoa kwa juzuu mbili. Miaka 35, baba. Akafariki mwaka 1981, kabla kitabu chenyewe hakijamfikia mkononi. Mimi kila nikipita njia ya Kagunguli hilo hunijia.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Myombekere na Bugonoka wanapendana na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, maneno yanawafikia wakwe, wakwe wanamchukua binti yao. Kila mtu anamshauri Myombekere aoe mwingine. Yeye anamfuata mkewe ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anahangaika mpaka anaipata. Katikati ya kisa hicho mzee Kitereza ameweka maisha yote ya Wakerewe wa zamani: jinsi ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kutibu, kusalimiana na mkwe bila kumkosea heshima. Wapo wanaosema maelezo hayo yamezidi, yanachelewesha kisa. Mimi siwaungi mkono. Mzee aliona lugha na desturi vinaondoka, akaamua kwamba hakuna kitakachoondoka bila kuagwa. Msomaji mwenye haraka kitabu hiki kitamshinda, nawe una haraka, kwa hiyo nakuonya mapema.

Kitabu hiki kiliingiaje nyumbani kwetu? Mimi na baba yako tulifunga ndoa mwaka 1981, na dada yako amezaliwa mwaka 1986. Hiyo miaka mitano ya katikati hamjawahi kuiuliza. Mimba mbili zilitoka. Upande wa baba yako maneno yalianza polepole, kisha yakawa wazi, mpaka shangazi yenu mmoja, Mungu amrehemu, akaja na jina la msichana tayari. Baba yako unamjua, si mtu wa maneno na si msomaji. Lakini nilikuwa nimepewa juzuu ya kwanza na mwalimu mwenzangu, na jioni nilikuwa namsomea kwa sauti, yeye akishona nyavu zake karibu na chemli. Tulipofika pale Myombekere anapokataa ushauri wa ndugu zake na kushika njia ya ukweni, aliacha kushona. Hakusema kitu. Kesho yake alikwenda kwa shangazi yenu, na suala la kuoa msichana yule halikusikika tena nyumbani kwetu.

Siwezi kusema ni kitabu peke yake. Baba yako ana moyo wake aliozaliwa nao. Ila alihitaji kuona kwamba kuna Mkerewe mwingine aliyewahi kusimama pale aliposimama yeye, na kwamba mtu huyo hakuwa mpumbavu.

Ndiyo maana ya kusema umelelewa nazo. Bila ile ya mzee Kitereza pengine usingezaliwa katika nyumba yenye mama mmoja, na bila ya Kezilahabi dada yako angekuwa mtu mwingine. Sasa wewe, mhandisi wa maji mwenye shahada mbili, unataka kuitwa msomi ukiwa huzijui. Mimi naona anayestahili jina hilo ni yule aliyesoma kwanza yale yaliyoandikwa kuhusu nyumba aliyotoka.

Ukishazisoma hizo, nenda kwa Shaaban Robert. Wengi wanamjua kwa mashairi. Wewe anza na *Kusadikika*, ya mwaka 1951, kitabu chembamba utakachokimaliza kwa jioni mbili. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wa nchi yao wajifunze sheria. Utetezi wake ni kuwasimulia juu ya wajumbe waliotumwa pande zote za dunia, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema kwa nchi yao, kisha wakatupwa gerezani. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya Mwingereza alipoandika hayo, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Alijua kila karatasi inapita mezani kwa nani. Wewe uko serikalini pia, utakielewa kuliko nilivyokielewa mimi darasani, hasa pale mtu anapoadhibiwa kwa kuleta taarifa nzuri.

Kisha urudi kwa Shafi. *Vuta N'kuvute* uisome upya, safari hii bila kalamu nyekundu, uone Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin Mhindi akipokelewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo baada ya kukataliwa na watu wake mwenyewe. Na *Kuli*, ambayo ni fupi na kali, juu ya Rashidi na wachukuzi wa bandarini waliogoma mwaka 1948. Said Ahmed Mohamed ana *Utengano*, nayo utaiona ni jirani wa *Rosa Mistika*: binti aliyefungiwa ndani mpaka siku alipotoka. Ukichoka na mambo mazito, mchukue Muhammad Said Abdulla na mpelelezi wake Bwana Msa mwenye kiko. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la hadithi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na hata leo ukiianza saa mbili usiku hulali.

Na wale Warusi? Wasome, tena kwa furaha. Sisemi Kiswahili kikutoshe. Mimi mwenyewe Okonkwo wa Achebe, mwandishi wa Nigeria, nilimjua kwanza kwa Kiswahili, katika *Shujaa Okonkwo* ya mwaka 1973, na sikuwahi kumwona kama mgeni. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo, akificha upole wake kama mtu anayeficha deni. Yule kijana wa Dostoevsky anayemuua kwa shoka bibi mkopeshaji kwa rehani, kisha dhamiri isimpe usingizi, utamwelewa bila kufika Urusi. Anna Karenina wa Tolstoy nilimsoma nikiwa mtu mzima, nikamfikiria Rosa. Na ukisikia kwamba Flaubert, mwandishi Mfaransa, alipelekwa mahakamani Paris mwaka 1857 kwa riwaya iliyosemwa inavunja maadili, akaachiwa, utakumbuka kwamba cha mwenzetu wa Namagondo nacho kilizuiwa. Ukienda tena kwa mkubwa wako, wakianza kumtaja Anna, wewe watajie Rosa, uwaeleze ni nani. Naamini watakusikiliza, kwa sababu utakuwa unazungumza juu ya mtu unayemfahamu.

Nimempa mfuko binamu yako anayevuka kesho asubuhi kwenda Mwanza, atakutumia kwa basi kutoka Nyegezi. Ndani ya mfuko kuna juzuu zote mbili za Kitereza na *Rosa Mistika*, pamoja na dagaa nusu debe. Juzuu ya kwanza ina alama ya mafuta ya taa kwenye ukingo; usiifute. Ni usiku ule baba yako alipoacha kushona, chemli ilitikisika.

Anza na hiyo. Usinitumie ujumbe kwamba umemaliza. Nipigie ukifika pale Myombekere anapobisha hodi ukweni, tena unipigie jioni, nimpe baba yako simu.

Mama yako