Puli nyepesi ya krenki: ifungwe au iachwe?

SWALI: Ndugu Fundi, nina Toyota Mark II yenye injini ya silinda 6. Gereji moja hapa Chumbageni imenishauri niitoe puli ya krenki (gurudumu la mbele linalofungwa kwenye krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na kuzungusha mikanda) iliyokuja na gari, nifunge nyepesi ya aluminiamu ili injini ipate nguvu. Je, nikubali? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usikubali. Puli nyepesi huifanya injini ipandishe mizunguko kwa haraka kidogo, lakini nguvu inayozalishwa ndani ya silinda haiongezeki. Itazame puli yako kwa mbele: utaona duara jeusi la mpira kati ya kitovu na chuma cha nje. Mpira huo ndio wenye kazi kubwa, kwani kila silinda inapowaka krenki hujisokota kidogo na kurudi, na mtetemo huo humezwa na chuma cha nje kinachocheza juu ya mpira. Krenki ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja ni ndefu, hivyo hujisokota zaidi. Ukiifungia aluminiamu tupu, mtetemo hubaki kuila krenki yenyewe na gia za pampu ya oili, na krenki inaweza hata kukatika.

Puli hizo zikiwa na kipenyo kidogo, oltaneta (inayochaji betri) na kompresa ya eisii (kiyoyozi), zinazozungushwa na mkanda wa puli hiyo, nazo huzunguka polepole, jambo lisilofaa kwa joto la Tanga.

Mwombe fundi akague mpira wa puli uliyonayo. Ukiwa umepasuka, au chuma cha nje kikiyumba injini inapounguruma, nunua nyingine yenye mpira.