Je, mtihani wa kidato cha nne unapima uwezo wa mtoto?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu alisoma shule ya msingi ya serikali hapa kijijini, kisha sekondari ya kata. Katika mtihani wa kidato cha nne amepata F ya Biolojia, ilhali mwalimu wake anasema hakuna aliyemzidi kwenye majaribio ya maabara. Je, mtihani huu umempima kwa haki? (Mzazi, Singida)

JIBU: Ndugu mzazi, pole kwa matokeo hayo. Haki ya mtihani wa taifa ipo, nayo si ndogo. Chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1973, watahiniwa wa nchi nzima hufanya karatasi moja, hutambulika kwa namba, na husahihishiwa na walimu wasiowajua. Mtoto wa mkulima hahitaji mjomba ofisini ili apate A, na hilo tusikubali kulipoteza.

Tatizo liko kwenye lugha. Binti yako alifundishwa kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, akaingia sekondari akakuta karibu masomo yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nimefundisha Biolojia, na nimewaona wanafunzi wakitumbukiza kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi, wakakiminya baadaye kwa vidole, na kueleza bila kusita kwamba kimelegea kwa sababu maji yametoka ndani yake kufuata chumvi iliyo nje. Hiyo ndiyo osmosisi, na wameielewa. Wanafunzi haohao, swali hilo likija kwa Kiingereza na kuwataka waeleze kwa aya nzima, huandika sentensi mbili zisizokamilika au huacha nafasi wazi, na msahihishaji hawezi kutoa alama kwa jambo ambalo halikuandikwa. F ya namna hiyo huchanganya ujuzi wa somo na ujuzi wa lugha, na cheti hakisemi kipi kilipungua. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Kutotekelezwa kwa jambo hilo katika sekondari kunawaumiza watoto wenye uwezo.

Hata alama zenyewe hutegemea viwango vinavyopangwa na watu. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yaliwapa daraja la sifuri, yaani kufeli, takribani asilimia 60 ya watahiniwa; serikali ikayafuta, viwango vikapangwa upya, na Mei 2013 idadi ya waliofaulu ikapanda, ingawa majibu ya wanafunzi hayakuwa yamebadilika hata neno moja.

Kwa hiyo, binti yako asiambiwe na yeyote kwamba hana akili. Anaweza kurudia Biolojia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Badala ya kukariri upya anayoyajua, atumie muda mwingi kuandika majibu kamili kwa Kiingereza kutoka mitihani iliyopita, na umwombe mwalimu huyo aliyemsifu amsahihishie, sentensi kwa sentensi.