Sweta la kwenda jangwani

SWALI: Shikamoo shangazi. Kaka yangu anaishi Las Vegas, Marekani. Nitamtembelea Desemba, naye ana siku moja tu ya mapumziko, anataka anipeleke kwa gari hadi Death Valley, lile bonde la jangwa. Mume wangu ananicheka kwa kutafuta sweta la kwenda jangwani. Nibebe? Na siku moja inatosha?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Beba sweta, na koti zito juu yake. Mumeo hana kosa: kule ndiko kulikopimwa joto la nyuzi 56.7, Julai 1913, rekodi ya dunia. Lakini Desemba mchana ni kama nyuzi 18, na usiku hushuka hadi 4 hivi. Mimi nilikwenda Januari na binti yangu, nimevaa gauni la kitenge na kandambili. Alfajiri pale Zabriskie Point, mahali pa kulitazamia bonde, nilitetemeka mpaka nikajifunga kanga kichwani, nyingine mabegani.

Siku moja inatosha mkilichunga jua. Mwanza tumezoea lizame karibu na saa moja jioni, mwaka mzima. Kule Desemba huzama kama saa kumi na nusu, na bondeni kivuli cha milima ya Panamint hutangulia. Sisi tulikaa mno kula wali kando ya barabara, tukafika barabara ya Artists Drive giza limeshaingia. Ile miamba ya kijani na ya waridi sikuiona, na bado inaniuma.

Ila Badwater, uwanda wa chumvi chini kabisa bondeni, niliiona. Ni mita 86 chini ya usawa wa bahari, wakati sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu. Nilichuchumaa nikatazama chumvi: imekatika vipande vyenye pembe, kingo zimeinuka kama ukoko wa ugali uliokaukia sufuriani. Niligusa kwa kidole nikaonja, chumvi ileile ya mezani. Ukiinua macho unaona theluji kileleni Telescope Peak. Zamani sana hapo palikuwa ziwa. Milima ya Sierra Nevada huzuia mvua upande wa magharibi, na bonde halina mto wa kutoa maji, basi yalikauka yakaiacha chumvi. Maji ya ziwa letu Victoria hutoka pale Jinja kupitia Nile, ndiyo maana tunachota maji baridi. Mtoto wa ziwa nilisimama pale nikauwaza mwalo wa Kirumba bila tone, machozi yakanilenga.

Kaka yako aulizie barabara kabla ya kuondoka, maana mvua ikinyesha hufungwa. Agosti 2023 dhoruba Hilary ilimwaga maji mengi hata ziwa likarudi kwa miezi kadhaa. Jazeni mafuta Las Vegas, bebeni maji ya kunywa, na msitegemee simu, mtandao haushiki sehemu nyingi. Ondokeni saa kumi alfajiri, safari ni kama saa mbili. Zabriskie jua likichomoza, Badwater asubuhi, Artists Drive kabla ya saa tisa. Wali mle garini.